Kulala, haibaneti, usingizi mseto au kuzima kabisa: ipi inafaa kompyuta ya kuunda kwa umeme wa huku kwetu?

Steshenari_Mwanga (Kigoma)

Wakuu, naomba tulinganishe. Kompyuta ni ya kuunda, iko steshenari hapa Mwanga: Ryzen 5 5600, ubao mama wa B550, RAM mbili za GB 8 aina ya DDR4 zikiwa kwenye XMP (mwendo wa RAM uliopandishwa) ya 3200, kadi ya GTX 1650, SSD ya NVMe GB 500, pawa saplai ya wati 550, Windows 11. Kazi inaanza saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na wateja wakipungua inatakiwa ipumzike bila kufunga mafaili.

Shida ni tatu. Ikilazwa, mara nyingine inaamka yenyewe baada ya sekunde mbili tatu. Ikilala vizuri, mara nyingine ukiiamsha feni zinazunguka lakini kioo ni cheusi tii. Na umeme ukikatika ikiwa imelala, kazi iliyokuwa wazi imepotea. UPS (kifaa chenye betri cha kushikilia umeme ukikatika) ipo, ya 650VA, ila betri imechoka. Nichague lipi?

Fundi_Ujiji (Kigoma)

Mkuu, swali la kwanza ni hili: wakati kompyuta imelala, kazi yako inatunzwa wapi?

Kulala kwa kawaida, ile hali inayoitwa S3, kazi inabaki kwenye RAM. Kila kitu kingine kinazimwa, ila pawa saplai inaendelea kutoa laini moja ndogo ya volti 5 ya kusubiri, na hiyo ndiyo inayoshikilia RAM. Kompyuta hula kama wati 2 hadi 5. Chukua wati 4 kwa saa 12 kila usiku: kwa mwezi ni kama uniti moja na nusu ya LUKU. Kuamka ni sekunde mbili tatu. Udhaifu ni ule ulioutaja, umeme ukienda RAM inasahau yote.

Haibaneti (S4) inachukua yaliyo kwenye RAM, inayabana na kuyaandika kwenye faili la hiberfil.sys ndani ya C, kisha inazima. Unaweza kuchomoa waya ukutani, ukapiga deki, ukarudi kesho, mafaili yako yapo palepale. Faili lenyewe kwa kawaida huchukua asilimia 40 ya RAM, kwa hiyo kwenye GB 16 yako litakula kama GB 6.4. Kwenye NVMe kuingia na kutoka ni suala la sekunde tu. Kwenye diski ya kuzunguka inaweza kufika dakika nzima, na hapo ndipo watu huichukia.

Usingizi mseto unafanya yote mawili: inaandika faili kwanza, halafu inalala S3. Umeme ukiwepo inaamka haraka kutoka RAM. Ukikatika, ukiwasha inasoma kutoka diski. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri, huu ndio ulinzi wenyewe.

Kuzima kabisa ni salama, ila fahamu kuwa Windows ikiwa na "fast startup" haizimi kabisa. Inafunga programu zako halafu inahaibaneti kiini cha mfumo. Ndiyo maana draiva iliyovurugika jana inarudi na uvurugikaji wake leo. Ukitaka kuzima kwa kweli tumia Restart, au andika `shutdown /s /t 0`.

Msimamo wangu: mseto mchana, haibaneti ukifunga ofisi.

Nzega_Kompyuta (Tabora)

Nakubaliana na Fundi, ila mseto usiuhesabu kabla hujauona. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

`powercfg /a`

Juu itaorodhesha hali zinazopatikana, chini zisizopatikana pamoja na sababu. Kwenye Windows 11 nyingi utaukuta mseto upo chini, sababu ikiwa "The hypervisor does not support this standby state". Hiyo inatokea kama Hyper-V (kompyuta pepe za Windows), WSL2 (Linux ndani ya Windows) au ule ulinzi wa "Memory integrity" umewashwa. Usikimbilie kuzima ulinzi kwa ajili ya usingizi. Tumia njia ya pili: kwenye mipangilio ya kina ya umeme, "Sleep after" weka dakika 15, "Hibernate after" weka dakika 45. Ikilala kwa muda mfupi inaamka haraka, ikisahaulika inajihifadhi kwenye diski. Kinachobaki wazi ni zile dakika za katikati tu, kwa hiyo bado bonyeza Ctrl+S kabla hujainuka.

Kama haibaneti yenyewe haimo kwenye orodha:

`powercfg /h on`
`powercfg /h /type full`

Ya pili ni muhimu. Faili likiwa la aina ya "reduced" ni asilimia 20 tu ya RAM, linatosha fast startup peke yake, haibaneti halibebi.

Mti_wa_Mwembe (Tabora)

Naongeza jambo moja ambalo kwa Tabora na Kigoma haliepukiki: radi. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua ikianza kunguruma unataka kuchomoa plagi ukutani na waya wa mtandao nyuma ya kompyuta. Kompyuta iliyolala S3 huwezi kuichomoa bila kupoteza kazi. Ya haibaneti unaichomoa bila wasiwasi. Kwa hiyo kitufe cha kuwashia kipe kazi ya haibaneti: Control Panel, Power Options, "Choose what the power buttons do". Wingu likikusanyika unabonyeza mara moja, unasubiri taa izime, unachomoa.

Mwalimu_Kasulu (Kigoma)

Haibaneti kila siku haiui SSD?

Nzega_Kompyuta (Tabora)

Piga hesabu, Mwalimu. Mara mbili kwa siku, GB 5 kila mara, ni GB 10, yaani TB 3.65 kwa mwaka. SSD nyingi za GB 500 dhamana yake ya kuandikwa ni kati ya TB 150 na 300. Diski itakufa kwa sababu nyingine kabla ya hiyo.

Fundi_Ujiji (Kigoma)

Turudi kwenye kuamka yenyewe, maana mpaka utibu hilo hakuna chaguo litakalokaa. Mara tu ikiamka, andika:

`powercfg /lastwake`
`powercfg /waketimers`
`powercfg /devicequery wake_armed`

Ya kwanza inataja aliyeiamsha mara ya mwisho. Ya pili inaonyesha kengele zilizotegwa, na mara nyingi utaikuta kazi ya masasisho ya Windows. Ya tatu ni orodha ya vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha. Ukitaka ushahidi wa siku zilizopita, nenda Event Viewer, System, tafuta Power-Troubleshooter namba 1, mstari wa "Wake Source".

Washukiwa wa kawaida ni wawili. Kipanya: meza ikitikiswa na mashine ya fotokopi pembeni, taa ya kipanya inaona mwendo na kompyuta inaamka. Device Manager, chagua kipanya, kichupo cha Power Management, toa tiki ya "Allow this device to wake the computer". Bakiza kibodi. Wa pili ni kadi ya mtandao. Hapo weka tiki ya "Only allow a magic packet" (pakiti maalumu ya kuamsha), au toa ruhusa yote kama huamshi kompyuta kwa mbali. Ukiacha "Wake on pattern match", pakiti za kawaida za mtandao wa ofisi zinatosha kuiamsha.

Kama lastwake haisemi kitu na inaamka ndani ya sekunde mbili tatu kila mara, usihangaike na kipanya. Angalia BIOS (programu ya msingi ya ubao mama). Baadhi ya bodi za B550 zina tatizo la daraja la PCIe (njia ya kadi na SSD kwenye ubao mama) kutuma ishara ya kuamsha papo hapo. Sasisha BIOS, kisha uzime kipengele cha kuamshwa na vifaa vya PCIe. Jina lake hutofautiana kwa kila mtengenezaji.

Urambo_Linux (Tabora)

Kwa wa Linux, tatizo hilo la B550 linaonekana waziwazi. `cat /proc/acpi/wakeup`, tazama mstari wa GPP0, ndilo daraja la PCIe. Ukiwa "enabled", kama root:

`echo GPP0 > /proc/acpi/wakeup`

Kisha laza tena. Ikitulia, tengeneza huduma ya systemd iirudie amri hiyo kila inapowaka, kwa sababu haidumu baada ya kuzima. Hakikisha pia `cat /sys/power/mem_sleep` inaonyesha [deep]. Ikiwa ni [s2idle], huo si usingizi wa S3, na feni zinaweza kuendelea.

Haibaneti ya Linux inataka swap (eneo la diski linalosaidia RAM) ya kutosha yaliyo kwenye RAM. Kwa usalama ilingane na RAM yote, faili la swap la GB 2 halitoshi. Na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha) ikiwashwa, kerneli za usambazaji mwingi hufunga haibaneti. Watu huhangaika siku nzima na mpangilio wa resume kumbe mlango umefungwa huko.

Nzega_Kompyuta (Tabora)

Kioo cheusi sasa. Usikimbilie kubadilisha kadi. Ikiamka na kioo kikiwa cheusi, bonyeza Caps Lock na uangalie taa ya kibodi.

Taa ikiwaka na kuzima, kompyuta imeamka, kilichobaki usingizini ni picha. Bonyeza Windows+Ctrl+Shift+B, utasikia mlio mfupi, draiva ya kadi inaanzishwa upya. Picha ikirudi, safisha draiva na uweke upya. Kama unatumia DisplayPort, jaribu HDMI, maana kuna vioo vinavyochelewa kuitikia. Zima pia "Link State Power Management" chini ya PCI Express.

Taa ya Caps Lock ikikataa kabisa, kompyuta haijaamka. Hapo mshukiwa wa kwanza ni RAM. XMP ni mwendo wa juu kuliko ule wa msingi wa RAM, na kompyuta inaweza kufanya kazi siku nzima vizuri lakini ikashindwa kuishika RAM upya inapotoka S3. Zima XMP, RAM irudi 2133 au 2400, halafu laza na uamshe mara kumi mfululizo. Ikipita kumi zote, umempata. Sasisha BIOS, rudisha XMP, jaribu tena. Ikigoma, baki 3000 badala ya 3200. Kazi za steshenari hazitaona tofauti.

Fundi_Ujiji (Kigoma)

Na XMP ikiwa haina kosa, pima pawa saplai. Kompyuta ikiwa imelala, mita ikiwa kwenye DC, waya mweusi wa mita kwenye waya mweusi wa plagi kubwa ya pini 24, mwekundu uingize nyuma ya waya wa zambarau, pini namba 9. Inatakiwa kati ya volti 4.75 na 5.25. Ikishuka chini ya hapo, laini ya kusubiri imechoka. Kwa saplai za mitumba huwa ni kapasita. Usiifungue saplai, badilisha.

Kabla ya kuihukumu, chomoa simu zote zinazochajiwa kwenye USB. Laini hiyohiyo ya volti 5 ndiyo inayozilisha kompyuta ikilala, na kwenye saplai nyingi ina ampea 2 hadi 3 tu.

Angalizo kwa wanaofungua keshi (kasha la kompyuta): taa ya kuwashia ikipepesa maana yake imelala, RAM ina umeme. Zima swichi ya nyuma, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde tano, ndipo uguse kitu.

Steshenari_Mwanga (Kigoma)

Shukrani wakuu. Matokeo: lastwake haikusema kitu, BIOS ilikuwa ya zamani. Baada ya kusasisha na kuzima kuamshwa na PCIe, imelala saa tatu bila kuamka. Kioo cheusi: Caps Lock ilikuwa imekufa. Bila XMP imepita mara kumi. Kwa 3200 kwenye BIOS mpya imefeli ya nne, kwa 3000 imepita zote. Mseto haupo kwa sababu ya hypervisor, nimeweka dakika 15 na 45. Je, UPS iliyochoka ina faida yoyote?

Mti_wa_Mwembe (Tabora)

Ina faida kama ina waya wa USB wa data, mkuu. Windows itaiona kama betri. Kwenye mipangilio ya kina, chini ya Battery, "Critical battery action" weka Hibernate, na kiwango chake kipandishe hadi asilimia 50 au 60, kwa sababu betri iliyochoka hudanganya asilimia na huanguka ghafla. Ikikushikilia hata dakika moja, NVMe yako inatosha kumaliza haibaneti.

Kama haina USB, badilisha betri. Nyingi za 650VA hutumia ya volti 12, Ah 7. Ukinunua, pima volti dukani kabla ya kulipa: iliyokaa sana rafuni ikisoma chini ya 12, iache.