MJADALA: Padre akihubiri haki wakati siasa zimechemka, anajenga amani au anaibomoa?

Mkazi wa Dunda: Wana-Bagamoyo, salaam. Jumapili Misa ya pili padre wetu alisema amani si watu kunyamaza. Hakutaja chama, hakutaja mtu. Mzee mmoja wa benchi la mbele akachukua kofia yake akatoka kabla hata ya Nasadiki, ile sala ya kukiri imani baada ya mahubiri. Toka siku ile jumuiya yetu haikaliki, wapo wanaosema padre kaleta kampeni altareni.

Mimi naona kafundisha kile kile Kanisa linachofundisha. Papa Yohane XXIII alitoa waraka wa Pacem in Terris, yaani Amani Duniani, Aprili 1963, miezi sita tu baada ya Marekani na Wasovieti kunusurika kupigana kwa nyuklia kwa sababu ya Kuba. Hakuishia kuwaambia watu watulie. Alisema amani inasimama juu ya ukweli, haki, upendo na uhuru. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, nao ukasema amani si kutokuwepo vita tu. Nionyesheni padre kakosea wapi.

Fundi Mashua: Kwenye mafundisho hajakosea, dada. Kakosea wakati. Kipindi hiki hata neno "haki" limeshavalishwa rangi ya chama, na kila aliyekaa kanisani anajua ni chama gani. Padre asalishe, siasa awaachie wenyewe.

Jirani wa Kaole: Mimi ni Muislamu, nachangia kwa ujirani, maana yakiharibika hapa hatutaulizana dini. Leo padre akisema, kesho watu watamtaka shehe wetu naye aseme. Wakipishana kauli, ugomvi wa vyama unageuka wa msikiti na kanisa. Huku tunaoana na kuzikana, jamani.

Katekista Mstaafu: Wanangu, Sheria ya Kanisa, kanuni ya 287, inawataka mapadre wakuze amani na maelewano yenye msingi wa haki. Aya inayofuata inawazuia kushika nafasi katika vyama vya siasa, isipokuwa mamlaka ya Kanisa ikiona inabidi kulinda haki za Kanisa au manufaa ya wote. Kwa hiyo kuhubiri haki ni wajibu wake, kadi ya chama ndiyo mwiko.

Na kabla hamjagombana zaidi, kumbukeni vita vya Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, 1888 hadi 1889. Mji huu ulipowaka, watu walikimbilia misheni. Wamisionari wa Pugu walipotekwa Januari 1889, mapadre wa hapa walikuwa kwenye mazungumzo ya kuwakomboa. Abushiri alikubali kuzungumza nao, na Wajerumani nao vilevile. Padre aliyeshika upande angepita katikati yao?

Fundi Mashua: Shikamoo mzee. Basi umenisemea mimi! Walifungua geti, hawakupanda mimbari.

Mkazi wa Dunda: Taratibu, kaka. Mapadre hao hao walifika hapa 1868, wakawa wanakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Mwenye biashara ya watumwa wakati ule angekuambia hiyo ni nini kama si kuingilia siasa? Upande walishika, ila ulikuwa wa mtu aliyefungwa mnyororo, haukuwa wa bendera. Padre wetu naye kasema hivyo hivyo.

Jirani wa Kaole: Hapo nakuelewa. Lakini kwa nini asikae kwanza na shehe wakatoa neno moja? Likisomwa msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, nani atasema ni la chama fulani?

Mkazi wa Dunda: Nakubali kwa mikono miwili. Na wasipoafikiana, wote wawili wanyamaze?

Fundi Mashua: Msimu wa kampeni, ndiyo. Matokeo yakishatoka wahubiri hata kutwa.

Mkazi wa Dunda: Matokeo yakishatoka, aliyedhulumiwa atakuwa anahubiriwa nini, kaka? Uvumilivu?

Katekista Mstaafu: Mzee wa kofia nimeongea naye. Kasema Jumapili atakuja, ila atakaa nyuma karibu na mlango.