Nimepewa cheo kazini, nikubali au niondoke?

Zamu_ya_Usiku: Wakuu, nipo kiwanda fulani cha vinywaji, idara ya matengenezo. Tangu waje wenye hisa wapya, kila kikao ni gawio na gharama kwa chupa. Mafundi wanahamishiwa kwa wakala: kazi ileile, mkataba wa miezi mitatu mitatu. Beringi za mashine ya kujazia zamani tulibadili kwa ratiba. Siku hizi tunangoja ipige kelele ndipo mtu atumwe Gerezani, mtaa wa vipuri pale Kariakoo. Mimi nimepewa usimamizi. Usingizi sina.

Binti_Pangani: Kula hela mkuu. Shemeji yangu alikataa cheo kwa msimamo, sasa anauza mkaa Mbagala na msimamo wake upo palepale.

Mzee_Spana: Hayakuanza kwenu. Boeing, watengeneza ndege wa Marekani, ilikuwa kampuni ya wahandisi. 1997 ikaungana na McDonnell Douglas, 2001 makao makuu yakahama Seattle kwenda Chicago, mbali na viwanda. Kuanzia 2013 hadi mwanzoni mwa 2019 wakatumia zaidi ya dola bilioni 40 kununua hisa zao wenyewe sokoni. Machi 2019 ndege yao, 737 MAX ya Ethiopian, ikaanguka ikielekea Nairobi, watu 157. Kwetu karakana walianza kukata grisi. Grisi!

Wakili_Uchochoroni: Hao mafundi walishirikishwa? Sheria ya Ajira ya 2004, kifungu cha 38, inataka taarifa na mashauriano kabla ya kupunguza watu. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, mwisho miaka 10. Wana siku 30 za kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Na majina alichagua nani?

Zamu_ya_Usiku: Mimi nimeuliza kuhusu cheo.

Wakili_Uchochoroni: Nani?

Zamu_ya_Usiku: Niliambiwa nilete sita, nikaleta. Yumo mzee aliyenifundisha kazi, ila ana miaka 54, mwakani angestaafu kwa hiari. Nisingeandika mimi angeandika mwingine, na mimi ningekuwemo. Bonasi sikuiomba, inakuja na cheo: matumizi ya vipuri yakishuka, napata.

Binti_Pangani: Kumbe umeshakula! Sisi unatutafutia nini?

Mlokole_Gongolamboto: Funga siku tatu ndugu. Na fungu la kumi la hiyo bonasi usilisahau.

Jicho_Kavu: Mnachangia chai nyie. Huyu juzi kwenye jukwaa la magari alikuwa dereva wa lori Tunduma, anaulizia injini.

Zamu_ya_Usiku: Lori ni la kaka, alitumia akaunti yangu.

Jicho_Kavu: Kaka tena. Haya, mashine yenu ina vali ngapi?

Zamu_ya_Usiku: 72. Ya saba inavuja tangu Jumatatu, tunasubiri beringi.

Mzee_Spana: Vali kuvuja ni sili, kijana. Beringi inahusu nini hapo?

Zamu_ya_Usiku: Najua ni sili mzee. Sili zimo kwenye vipuri nilivyokata.

Jicho_Kavu: Hapo nimeamini.