Naomba ushauri: ruta inang'ang'ania mnara wa karibu, ila wa mbali ndio wenye kasi

Wakuu, habari za jioni. Nipo Kibosho, juu kidogo ya mji wa Moshi. Natumia ruta ya 4G ya laini. Mke wangu anafundisha watoto tuisheni kwa video kila jioni, kwa hiyo intaneti ikikatika na kipato kinakatika.

Shida yenyewe: ruta inashika mnara ulio karibu, ng'ambo ya korongo. Ukurasa wa mipangilio ya ruta unaonyesha RSRP (nguvu ya mawimbi) -84, nzuri tu, lakini SINR (usafi wa mawimbi dhidi ya kelele na mwingiliano) ni 1 au 2 tu, na ikifika saa 1 jioni kasi inashuka hadi Mb 1. Juzi niliibeba hadi dirisha la kusini linalotazama mjini. Ikashika mnara mwingine: RSRP -104, SINR 13, kasi ikapanda hadi Mb 18! Nilifurahi kweli. Baada ya nusu saa ikarudi yenyewe kwenye ule wa karibu.

Nimeifungia ruta itumie bendi (masafa) ya 1800 MHz peke yake, haikusaidia, maana minara yote miwili inaitumia. Nadhani dawa ni kuifungia ruta kwenye seli yenyewe (sehemu ya mnara inayorusha mawimbi) kwa namba zake za PCI (kitambulisho cha seli) na EARFCN (namba ya masafa), ila menyu yangu haina sehemu hiyo.

Je, ruta gani inaruhusu? Au ninunue antena ya nje ya kuelekeza, niifunge juu ya paa iutazame mji? Miti ya mbele imelipita paa. Na mnara nilioifungia ruta ukizimika, ruta itahamia mwingine au nitabaki bila mtandao? Aliyewahi kufanya hivi anielekeze tafadhali, hata hatua kwa hatua.