Re: Nataka kununua Morris Minor, niangalie nini?

Asalaam alaykum jamaa zangu wa Unguja na Pemba mlioko huku Uingereza,

Samahani leo siulizi mambo ya viza wala ya kutuma pesa. Babu yangu alikuwa na gari ya Morris Minor, vile vigari vidogo vya zamani vya Kiingereza, ya kijani pale Wete, mie sikujaaliwa kuiona inatembea, nimeikuta ishawekwa juu ya matofali chini ya mfenesi na kuku wanatagia kiti cha nyuma, lakini nikifungua mlango harufu ya karafuu bado imo. Sasa nishatunza vijisenti, nimeona moja inauzwa, ya mwaka 1967, rangi inang'ara, muuzaji anasema haihitaji hata MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka. Nani anazijua hizi?

Mjukuu wa Wete, niko Leicester

---

Waalaykum salaam mwanangu,

Umenigusa pahala pake. Mie ninayo, ya 1963, mwaka wa kumi na moja huu tunaishi pamoja hapa Coventry na kila nikiiwasha asubuhi nafurahi kama siku ya mwanzo.

Hilo la MOT ni kweli. Tangu Mei 2018 gari ikishapita miaka 40 na haijafanyiwa mabadiliko makubwa ndani ya miaka 30 ya karibuni haidaiwi MOT, na rodi taksi ni sifuri ukishaibadilisha pale posta ikaandikwa ni ya kihistoria, ila hata kama ni sifuri lazima uitaksi kila mwaka, usisahau. ULEZ ya London, ile chaji ya gari zenye moshi mchafu, pia hulipi, lakini ile chaji ya kuingia katikati ya mji inabaki pale pale. Sasa weye fikiri, "haihitaji MOT" maana yake nini? Inawezekana ni miaka hakuna mtu aliyelala chini yake akaitazama. Ingia tovuti ya serikali, andika namba ya gari, historia yake ya MOT ni bure. Na ukitaka kuipeleka kwa hiari wanaipima, bei haizidi pauni 54.85.

Nakwambia hivi kwa sababu ya kwanza niliyonunua iliniliza. Ilikuwa nyeupe safi, kiti cha ngozi nyekundu, nikalipa siku ile ile, wiki ya tatu mvua imenyesha naona soksi imelowa, kuinua zulia, chini ya pedeli ya klachi naiona lami! Walikuwa wameziba tundu kwa pati, ule udongo wa kuzibia bodi, na rangi tu. Kuchomelea fulo, yaani sakafu ya gari, na sili, zile boriti za bati chini ya milango, za pande zote mbili kulinigharimu kuliko nilivyoinunulia gari yenyewe.

Sisi watu wa visiwani kutu tunaijua, tumeona upepo wa bahari unavyokula mabati pale Malindi. Huku bahari iko mbali lakini baridi ikiingia wanamwaga chumvi barabarani na kazi ni ile ile. Kwa hiyo chukua sumaku ya friji, ifunike kitambaa chembamba isikwaruze rangi, pitisha taratibu chini ya milango, pembeni mwa mataa, na kule nyuma springi zinaposhikana na bodi. Pahala sumaku inapoanguka hapana bati hapo, pana pati. Halafu mwambie aitie jeki, na ikiwa juu fungua mlango ufunge, ukiona mlango unang'ang'ania ujue sili zimekwisha, bodi inajikunja.

Jengine ambalo wengi hawalijui, magurudumu ya mbele yameshikwa na kitu kinaitwa traniyoni, kina nyuzi kama za skrubu, kikikosa grisi nyuzi zinalika na siku moja unakata kona gurudumu linalala ubavu. Mie natia grisi kila maili 1,000, dakika kumi tu na pampu ya mkono.

Betri nayo angalia sana, nyingi ya gari hizi zilitoka kiwandani waya wa chanya ndo unaoshika bodi, sio hasi kama gari za skuhizi, ukimpa jirani akuwashie kwa waya bila ya kumwambia mtaunguza vitu. Na petroli, tangu Septemba 2021 ile ya kawaida hapa ni E10, yaani imechanganywa spiriti (ethanoli) mpaka asilimia 10, inakula mipira ya zamani, tia ile ya bei ya juu ya E5, isiyozidi asilimia 5. Gari hizi zilizoea petroli iliyotiwa madini ya risasi ambayo iliondolewa 2000, muulize kama silinda hedi, kile kichwa cha injini, ishatiwa viti vigumu vya valvu visivyolika bila ya risasi hiyo.

Injini usiiogope hata kidogo. Ya kwako itakuwa ya sisi 1098, ni ukoo mmoja na ile ya kigari cha Mini, spea tele mpaka leo. Na aliyezichora gari zote mbili ni mtu mmoja, Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna ambayo leo ndo Izmir, alikuja huku kijana pamoja na mama yake baada ya kukimbia vita. Mie hilo kila nikilikumbuka nikiwa nimeshika usukani moyo unanijaa, mgeni kama sisi, na 1948 akawapa Waingereza gari wanayoipenda mpaka leo.

Ami yenu, Coventry

---

Ami na ile Morris Minor aina ya Traveller yenye mbao nyuma jee? Mie naitamani, inanikumbusha zile gari za mbao za shamba tulizokuwa tunapandia Darajani.

Dada wa Makunduchi, niko Northampton

---

Nzuri sana dada, ila zile mbao sio pambo, ndo zinazoshikilia bodi ya nyuma. Bonyeza kwa kidole gumba pale chini mvua inapotuama, mbao ikibonyea au imekuwa nyeusi iache, kuzibadilisha zote ni kazi ya seremala hasa na pesa nyingi.

Ami

---

Ami, nimekwenda jana na sumaku. Upande wa dereva imeshika vizuri, upande wa pili imeanguka pahala patatu nikahesabu, na muuzaji akanyamaza kimya. Nimemshukuru nikaondoka, njia nzima roho inaniuma maana rangi yake ilikuwa kama ile ya babu. Kuna nyengine nimeipata Derby, ya 1965, rangi imechujuka lakini mwenyewe ni mzee kainunua yeye tokea mpya na ana risiti zote kwenye bati la biskuti. Naenda Jumamosi. Utaweza kunisindikiza?

---

Jumamosi nipo. Nipitie saa mbili asubuhi, nakuja na jeki, tochi na pampu ya grisi. Vaa nguo za kulalia chini.