CG125 ya zamani inazima nikirudisha choki baada ya kufungua kabureta

Mkazi wa Uyole:
Habari zenu wakuu. Ninayo pikipiki Honda CG125 ya zamani niliyoachiwa na baba mdogo, ambaye aliitumia miaka yote Dar es Salaam kabla ya kuisafirisha huku Mbeya. Kwa kuwa ilikaa muda mrefu bila kuwashwa, niliifungua kabureta, nikaiosha, kisha nikabadilisha kila kilichokuwamo kwenye paketi ya vipuri niliyonunua: jeti (vijitundu vya shaba vinavyopima mafuta) ndogo na kubwa, sindano, vali ya floti na oringi. Sasa inawaka kwa kiki ya pili nikiwa nimevuta choki (kile kinachobana hewa ili mafuta yazidi wakati wa kuwasha), lakini nikiirudisha tu inazima. Nikipandisha sailensi (mlio wa injini bila kuvuta mafuta) kwa skrubu ili isizime, basi injini ikishapata moto mlio unapanda wenyewe, na nikivuta mafuta kisha nikaachia, unachukua sekunde kadhaa kushuka. Nikivuta kwa ghafla inakohoa, ila mkono wa mafuta ukishapita nusu inakwenda vizuri. Plagi inatoka nyeupe kama chokaa. Skrubu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta nimeizungusha kuanzia mzunguko mmoja hadi mitatu, na sikuona tofauti yoyote. Nianzie wapi?

Boda wa Kitonga:
Mkuu, hilo ni suala la mwinuko. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kabureta hiyo ilipangwa kwa hewa ya pwani. Badilisha jeti kubwa.

Mzee wa Spana:
Ndugu yangu wa Kitonga, mwinuko ni jambo la kweli, lakini mwinuko huo huleta kinyume cha anachokieleza mwenzetu. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo jeti za pwani zingempa mafuta mengi kuliko hewa, plagi ingetoka nyeusi yenye masizi, na choki isingehitajika. Injini inayotaka choki ndipo iishi, inayokohoa na kuchelewa kushusha mlio, ina njaa ya mafuta au inavuta hewa ya wizi. Tena jeti kubwa hutawala pale mkono unapokaribia kuwa wazi wote, na huko ametuambia hakuna tatizo.

Kwa hiyo, mkazi wa Uyole, iache hiyo skrubu kwanza. Skrubu isiyoleta mabadiliko ina maana kwamba njia ndogo ya mafuta imeziba, au kwamba hewa inayoingia kwingine ni nyingi kiasi cha kuizidi nguvu. Washa injini, chukua chupa ya kupulizia yenye maji, kisha pulizia kidogo kidogo pale kabureta inapoungana na injini. Mlio ukibadilika, umempata mwizi wako. Wako watu wanaopulizia petroli kwa kazi hiyo. Usithubutu, injini ikiwa ya moto utajiunguza.

Kabureta ya CG inashikwa na nati mbili, moja kila upande, na kati yake kuna oringi. Mafundi wengi wakiona inavuta hewa hukaza zaidi, na kukaza huko ndiko kunakopinda masikio ya uso wa kabureta unaogusana na injini, kwa sababu kabureta ni metali laini. Ifungue, weka rula ya chuma juu ya uso huo na uielekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya chini ya rula, tandika msasa laini juu ya kipande cha kioo, usugue uso taratibu hadi ulingane, uoshe vumbi lote, na uhakikishe oringi inachomoza kidogo juu ya mfereji wake. Wakati wa kufunga, kaza nati kwa zamu, robo mzunguko huku na robo kule, na uache mara inaposhika.

La pili, linganisha namba za jeti mpya na za zamani; namba ndogo ni tundu dogo. Mimi siku zote huirudisha jeti ya zamani iwapo haijaharibiwa kwa waya, kwa maana shaba ile hailiki upesi. Kinacholika ni sindano na bomba inamopita. Hakikisha pia tepeti (nafasi ndogo inayoachwa kwenye vali) ziko 0.08 mm injini ikiwa baridi, maana vali isiyofunga vizuri itakudanganya kwamba ni kabureta.

Mkazi wa Uyole:
Shikamoo mzee. Maji yalipogusa upande wa kushoto mlio ulishuka papo hapo. Chini ya rula upenyo ulionekana waziwazi katikati, na nilisugua karibu nusu saa. Jeti ndogo ya zamani imeandikwa 38, ile ya kwenye paketi 35, nami sikuwa nimeziangalia kabisa. Nimerudisha jeti zote mbili za zamani. Sasa inanguruma bila choki, na skrubu inaitika nikiigusa. Kilichobaki ni kwamba baada ya kupanda mlima nikiwa nimevuta mafuta yote, plagi ina weusi kidogo. Je, nishushe sindano?

Boda wa Kitonga:
Mwinuko huo, nilisema mimi!

Mzee wa Spana:
Marahaba. Hapo sasa mwenzetu wa Kitonga ana haki yake. Usiguse sindano, kwa sababu hiyo hutawala katikati ya mkono. Panda tena mlima huo huo ukiwa umevuta yote, kisha bila kurudisha mkono bonyeza klachi na uzime injini papo hapo, usogee pembeni na utoe plagi. Ukiizima baada ya kutembea polepole hadi nyumbani, utakuwa unasoma habari za jeti ndogo. Ikiwa bado ni nyeusi, shusha jeti kubwa kwa namba moja tu, na uihifadhi ya sasa kwa siku utakayoiteremsha tena Dar es Salaam.