Dawa za nano za kansa: zinalenga kweli au tunauziwa jina?

Wakuu habari za humu. Nimechoka na hii stori kwamba dawa za nano "zinaenda moja kwa moja kwenye kansa", yaani kama bodaboda umemtumia lokesheni. Kinachofanyika ni kemo ile ile tunayoijua inafungiwa kwenye vichembe vya polima, vidogo kuliko seli mara mia na zaidi, vinazunguka na damu, na kwa vile mishipa ya damu ya uvimbe imejengwa hovyo hovyo ina matundu, basi vinavujia hapo. Matsumura na Maeda wa Japani walilionyesha hilo 1986. Sasa 2016 watafiti wa Toronto wakakusanya tafiti za miaka kumi, za panya hizo, wakakuta kwa wastani wa katikati kinachofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 ya dozi. Sifuri nukta saba! Nyingi inaishia ini na wengu. Mwaka huo huo kampuni ya BIND ya Marekani, ambayo vichembe vyake vilibandikwa kabisa kitu cha kunasa protini ya seli za kansa ya tezi dume, ikafilisika, Pfizer wakaokota mali zake kwa dola milioni 40 hivi. Serikali zetu zisiweke hela huko wakati mama anafika kliniki kansa ya shingo ya kizazi iko hatua ya nne. Pingeni kwa hoja.

Mfamasia wa zamu: Mkuu umesema nusu. Utamu wa hizi dawa sio kulenga, ni kupunguza sumu. Paklitakseli, moja ya dawa za kemo, haiyeyuki kwenye maji, ya kawaida inayeyushwa kwa Cremophor, kiyeyushi kinachotengenezwa kwa mafuta ya mbarika, na hiyo ndo inaleta aleji mpaka mgonjwa achomwe steroidi kabla ya dripu. Wakorea Kusini wana Genexol-PM tangu 2007, ni paklitakseli hiyo hiyo imebebwa na polima, Cremophor haimo.

Kijana wa Temeke: 0.7 unaishangaa, kwani kemo ya kawaida inafika asilimia ngapi?? 😂

Mwanzisha mada: Swali zuri, ila ya kawaida haiuzwi kwa bei ya kiwanja.

Mama Two: Bei mnaiongelea juu juu. Shangazi yangu aliwekewa ile dripu nyekundu, doksorubisini, inachosha moyo, kwa hiyo kila baada ya muda eko, kile kipimo cha moyo, mashine ya pale mbovu, tunalipia pembeni, nauli, lojingi, mara dozi imeahirishwa. Doxil ipo tangu 1995 na ilianza na kansa ya Kaposi, hii hii tuliyowazika nayo jamaa zetu miaka ya ukimwi, ni doksorubisini hiyo hiyo imefungwa kwenye kifuko cha mafuta kilichovikwa polima na moyo hauumii kama kwa ile nyekundu. Jumlisha eko zetu zote halafu ndo ulinganishe bei.

Mfamasia wa zamu: Ila Doxil nayo inababua viganja na nyayo, tusiifanye maji ya baraka.

Mwanzisha mada: Mama Two hapo umenikamata, eko sikuzihesabu. Ya Kaposi naondoa, nunueni. Ila hizo zenye "kulenga" kwenye boksi sijarudi nyuma hata hatua moja.