Pampu ya maji ya waipa: mtumba wa Ilala, mpya ya dukani, au ile ya gari lolote?

Mchukuzi_wa_Masasi
Wakuu, habari za humu. Nina Toyota Probox, njia yangu ni Mtwara–Masasi kupitia Mingoyo. Mvua ikinyunya kidogo halafu upishane na malori ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini, kioo chote kinakuwa tope jeusi. Waipa bila maji inalipaka tu huku na huku. Sasa maji hayaruki kabisa. Nataka kubadilisha pampu mwenyewe hapa nyumbani, maana fundi niliyemuuliza anasema lazima ashushe bampa zima. Nalinganisha njia tatu: mtumba kutoka Ilala, Dar, ipakiwe kwenye basi, mpya ya Kichina iliyopo duka la spea hapa mjini, au ile pampu ndogo ya gari lolote unayoiunga katikati ya mpira wa maji. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

Nozo
Kabla hujatoa hela, umeisikiliza? Fungua swichi bila kuwasha injini, vuta mkono wa waipa, mwenzako atege sikio karibu na tairi la mbele. Ikiunguruma na maji hayaji, motor ni nzima: nozo (vitundu vinavyorushia maji kiooni) zimeziba, au mpira umechomoka chini ya boneti, au uchafu umejaa kwenye chujio la tanki. Nozo unazibua kwa sindano ya kushonea na kazi imeisha. Ikiwa kimya, anza na fyuzi.

Mchukuzi_wa_Masasi
Kimya kabisa. Fyuzi nimeichomoa na kuiangalia, haijakatika. Maji yamo kwenye tanki.

Umeme wa Ndanda
Basi pima umeme unaofika kwenye soketi ya pampu. Hapa wengi hupotea: wanashika waya mmoja wa testa (taa ya kupimia umeme) kwenye bodi, taa inawaka, wanasema umeme upo, pampu imekufa. Kwenye Toyota nyingi umeme wa pampu upo muda wote swichi ikiwa imefunguliwa, na mkono wa waipa kazi yake ni kufunga upande wa ethi (waya unaorudi kwenye bodi). Kwa hiyo gusa pini zote mbili za soketi, mtu avute mkono. Taa ikiwaka hapo, pampu ndiyo mbovu. Isipowaka, shida ni waya au swichi ya waipa, na hata ununue pampu tatu hazitakusaidia. Na usiache kuangalia pini zenyewe. Kwa hewa yetu ya chumvi, kutu ya kijani kwenye soketi ni jambo la kawaida.

Mama Noah
Mimi natumia ya gari lolote, mwaka wa pili huu, sina malalamiko. Ni rahisi, inapatikana, na haikulazimu kufanana na chochote. Mnapenda kuwatisha watu.

Spea Lindi
Dada Mama Noah, sikupingi, ila Probox ina waipa ya nyuma. Mchukuzi aangalie kwanza tanki lake. Gari nyingine zina pampu mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma. Nyingine zina moja yenye midomo miwili: motor ikizunguka upande huu maji yanakwenda mbele, ikigeuka yanakwenda nyuma. Ile ya gari lolote kwa kawaida ina mdomo mmoja. Kama yako ni ya midomo miwili, ukiweka hiyo umeaga maji ya nyuma, na kwenye barabara ya vumbi kioo cha nyuma ndicho kinachoumia zaidi. Pia mara nyingi inakaa nje ya tanki, kwenye kamba za plastiki, na tundu la pampu ya zamani inabidi uzibe. Hapo ndipo uvujaji unapoanzia.

Mtumba wa Ilala naupenda kwa sababu moja: umbo ni lilelile, mdomo ni uleule, soketi inaingia bila kukata waya. Ubaya wake, hujui ilizungushwa kavu muda gani, na pampu hizi maji ndiyo yanayozipoza. Mwambie muuzaji aiguse kwenye betri ya volti 12 na akutumie video ikivuta maji kwenye ndoo, siyo ikizunguka hewani. Ikizunguka hewani bado inaweza kushindwa kusukuma.

Mpya ya Kichina, kwangu ndiyo chaguo la kwanza kama utakwenda dukani na ya zamani mkononi. Linganisha unene wa shingo inayoingia kwenye tanki, idadi ya midomo, na soketi. Na ununue pamoja na ule mpira wa duara unaokaa kwenye tundu. Mpira wa zamani umekakamaa. Pampu mpya kwenye mpira wa zamani itavuja usiku kucha, asubuhi utamlaumu Mchina bure.

Mchukuzi_wa_Masasi
Nimelala chini kuangalia. Ni moja, midomo miwili. Na suala la bampa?

Nozo
Usilishushe bado. Kata usukani upande wa mbali ili tairi likupishe, toa klipu za plastiki ya ndani ya fenda upande wa tanki, ikunje nyuma uone kama mkono unafika. Ukipandisha jeki, weka na stendi. Tega beseni, maana ukichomoa pampu maji yote yanamwagika. Pampu unaivuta juu itoke kwenye kishikio, halafu unaitoa kwenye ule mpira wa duara. Mipira ya maji ikigoma, imwagie maji ya moto, usiing'ang'anize kwa bisibisi. Wekea alama ipi ya mbele na ipi ya nyuma.

Mtu wa Mikindani
Mimi chupa ya maji ya kunywa, kifuniko nimekitoboa. Nasimama, nanyunyiza, naondoka. 😂

Umeme wa Ndanda
😂 Wewe subiri mvua ya Januari. Mchukuzi, nyongeza: wakati wa kuingiza mpira mpya tumia maji ya sabuni, siyo grisi wala oili, vinaharibu mpira. Na ukilazimika kukata soketi, usichanganye waya. Ukizigeuza, ukivuta mkono upate maji ya mbele, yatarukia nyuma.

Mchukuzi_wa_Masasi
Nachukua mpya ya dukani na mpira wake, kesho naibeba hii ya zamani nikailinganishe. Dukani wakikosa ya midomo miwili, ndipo nitaagiza Ilala kwa masharti ya video.

Spea Lindi
Sawa. Kabla ya kufunga, suuza tanki mpaka ule utelezi wa kijani uishe, na usijaze maji ya kisima cha pwani, chumvi yake inabaki kwenye nozo. Maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa yanafaa. Sabuni ya unga usiweke.